Yule simba wa MGM ni wa nani?

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona, unaniuliza eti MGM, ile studio ya filamu ya Marekani yenye simba anayenguruma mwanzoni mwa picha zake, si ni ya Amazon siku hizi? Ndiyo, walimaliza kuinunua Machi 2022 kwa dola bilioni 8.45. Ila usiishie hapo, na kwa vile unataka kusaini na yule msambazaji wa filamu yako wiki hii naomba usome yote, usirukeruke kama kawaida yako.

Kampuni ilianza 1924 huko Marekani. Marcus Loew alikuwa na majumba ya sinema kibao ila picha nzuri za kuonyesha hazimtoshi, akaunganisha kampuni tatu, Metro, Goldwyn na ile ya Louis B. Mayer, na simba alikuja na Goldwyn. Kichekesho ni kwamba Samuel Goldwyn mwenyewe hayumo, wenzake walishamtimua 1922, jina likabaki ndani yeye yuko nje. Hata Mayer, aliyeiendesha ile studio miaka yote kama ya baba yake, 1951 aliondolewa, maana wenye mali walikuwa New York na yeye alikuwa mwajiriwa tu, mshahara mnono sawa, lakini mwajiriwa.

Halafu 1969 akaishika tajiri Kirk Kerkorian, na huyo bwana alikuwa na hamu ya mahoteli na kasino kuliko sinema. Mwaka uliofuata vitu vya studio vikapigwa mnada, magwanda, fanicha, mpaka vile viatu vyekundu vya Dorothy wa Wizard of Oz vikaenda kwa dola 15,000, maeneo ya kupigia picha nayo yakauzwa, na 1973 Las Vegas ikafunguliwa hoteli kubwa inaitwa MGM Grand. Jina la sinema, biashara ya kamari!

Sasa hapa ndo nataka utulie. 1986 Ted Turner akainunua, madeni yakambana, baada ya miezi michache tu akamrudishia Kerkorian jina na simba, eneo la studio pale Culver City likaenda kwa wengine (leo wamekaa Sony), ila Turner kuna kitu kimoja alikikumbatia hakukiachia, filamu za zamani. Watu walimwona kapigwa, kumbe mwenzao alikuwa na televisheni zinazohitaji kitu cha kuonyesha usiku na mchana. Kampuni yake ilipoungana na Time Warner, wenye studio ya Warner, 1996 filamu zikaenda nazo. Chukua Mogambo ya 1953, ile ya Clark Gable na Ava Gardner waliyokuja kupigia huku kwetu, Kenya, Uganda na Tanganyika ya enzi hizo. Simba wa MGM yupo pale mwanzoni ananguruma, lakini filamu yenyewe iko Warner. Amazon kapata simba, na James Bond aliyekuja kwa mlango wa United Artists, studio nyingine ambayo MGM waliinunua 1981, ila MGM ya enzi za Mayer hana.

Yaliyofuata sikuchoshi nayo, tapeli mmoja wa Kiitaliano na mikopo ya benki ya Ufaransa, Kerkorian akairudia mara ya tatu 1996, kundi la Sony 2005, kufilisika 2010.

Haya, karatasi yako. Ukurasa wa pili pameandikwa haki zote, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa, milele. Hiyo milele umeiona au ulikuwa unaangalia tarakimu ya malipo tu? Huko ndo kuuza masta, yaani filamu yenyewe mzima mzima, wasanii wangapi wa Bongo Movie wamefanya hivyo, sura zao ziko kwenye tivii kila wiki na wao hata nauli hawana. Mwambie aandike miaka mitatu, televisheni tu, Yutubu ibaki yako, na faili la mwanzo usimpe, mpe kopi. Akikataa mwambie baba kagoma, mimi nipo, anipigie.

Ukishaongea naye nitumie picha ya kila ukurasa, hata ule wa sahihi, nimpelekee mjomba wako aupitie kabla ya Ijumaa. Mama yako kasema hela ya betri za kamera atakutumia leo jioni.

Baba