Barua ya wazi kwa Waziri wa Barabara: Tuonyesheni mashine iliyopima lami yetu

Mheshimiwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi,

Naishi Umoja. Kwa miaka 27 nilikuwa fundi wa maabara ya lami. Sikuwa injinia, mimi ndiye niliyechoma kokoto, nikazichanganya na lami, nikapiga nyundo na kusoma kipimo, kisha injinia akatia sahihi. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili ni la kila anayepanda matatu mjini humu. Barabara mpya ikikamilika tunaambiwa imepita vipimo, lakini hatuambiwi mashine iliyotoa vipimo hivyo ilikaguliwa lini, wala na nani.

Mheshimiwa, kipimo ninachokisema, cha uimara wa mchanganyiko wa lami na kokoto, kilibuniwa na Bruce Marshall, aliyekuwa katika idara ya barabara ya jimbo la Mississippi, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1930. Wahandisi wa jeshi la nchi hiyo wakakiendeleza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walipohitaji viwanja vya kutua ndege nzito. Mchanganyiko wa moto hutiwa ndani ya kopo la chuma lenye kipenyo cha milimita 101.6, ukashindiliwa kwa nyundo ya kilo 4.5 inayodondoshwa kutoka kimo cha milimita 457. Ukiwa wa barabara ya magari mazito, unapigwa mara 75 upande mmoja, unageuzwa, unapigwa 75 tena. Kinachotoka hapo ni kipande cheusi kama keki ndogo, unene milimita 63.5. Kikipoa, kinatumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 60 kwa nusu saa au zaidi kidogo, kisha mashine inakibana ubavuni hadi kishindwe. Nguvu iliyokishinda ndiyo uimara wake. Tunasoma pia kimebonyea kiasi gani kabla ya kushindwa. Mwongozo wa kipimo hiki wa Asphalt Institute, taasisi ya lami ya Marekani, unataka, kwa magari mengi, uimara usiopungua kilonyutoni 8, na kubonyea kwa kati ya milimita 2 na 3.5 hivi.

Nyuzi 60 hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Lami iliyoshinda juani hupata joto linalokaribia hapo, na ikipata joto hulainika. Kwa hiyo maji yakiwa ya baridi kuliko inavyotakiwa, kipande kinaonekana kigumu kuliko kilivyo. Hata ukichelewa kukitoa majini na kukifikisha kwenye mashine, umeshadanganya. Kuanzia kinapotoka majini hadi mashine isome nguvu ya juu kabisa, sekunde 30 zisipite. Nilikuwa nakimbia nacho mkononi kama mtu aliyebeba yai.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Katika kambi moja ya ujenzi, mshale wa kipimo cha joto kwenye beseni la maji ulionyesha 60. Mkono wangu ulikataa. Nilikuwa na kipimajoto changu cha zebaki, nikakizamisha, kikasoma 54. Nikamwendea mkubwa wangu. Akanitazama, akasema, "Andika sitini." Pete ya chuma inayopima nguvu kwenye mashine ile nayo ilikuwa na kibandiko cha ukaguzi kilichopitwa na wakati kwa miaka miwili. Niliandika sitini. Nilikuwa na watoto wawili shuleni, na jambo hilo limenikaa moyoni hadi leo. Ndilo linaloniandikisha barua hii.

Najua si kila shimo ni kosa la lami. Huku Eastlands tumekalia udongo mweusi unaovimba mvua za Machi hadi Mei zikinyesha na kupasuka kiangazi kikiingia, na mtaro ukiziba, lami bora duniani haitadumu. Lakini nenda ukasimame kwenye steji yoyote ambapo mabasi na malori husimama na kuondoka, uone mikondo miwili iliyochimbwa na magurudumu huku njia ya kati ikiwa bado tambarare. Ukiona hivyo, shuku mchanganyiko kwanza: lami imezidi, au nafasi za hewa ndani yake zimepungua mno. Mchanganyiko mzuri hupangwa ubaki na hewa ya asilimia 3 hadi 5. Chini ya hapo magari yanausukuma kando kama ugali laini. Ikizidi sana, maji yanapenya na kokoto zinang'oka moja moja.

Na kipimo cha Marshall peke yake hakitoshi kuyabaini hayo. Kuna mashine ya gurudumu la chuma linalopita juu ya lami iliyozamishwa kwenye maji ya moto, hadi mara 20,000, ikapimwa imezama milimita ngapi. Hiyo ndiyo inayofanana na steji zetu. Naomba kila mchanganyiko wa barabara kubwa Nairobi upitie gurudumu hilo kabla lami haijamwagwa.

Tena naomba maabara kuu ya wizara yako, iliyopo Eneo la Viwanda, ipewe watu na magari ya kufika kwenye kambi za ujenzi bila taarifa, wakiwa na kipimajoto chao na pete yao iliyohakikiwa. Wasiulize karatasi kwanza. Wazamishe kipimajoto majini.

Na kabla barabara haijapokewa, vikatwe vipande vya lami iliyokwisha kulazwa, sehemu ambazo mkandarasi hakuzichagua, wananchi wakiona. Matokeo yabandikwe kwenye bango la mradi pale pale, pamoja na tarehe ambayo mashine ilihakikiwa mara ya mwisho. Tangu Julai 2024 tunalipa shilingi 25 za matengenezo ya barabara katika kila lita ya mafuta, na abiria hulipa ndani ya nauli. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inatupa haki ya kuomba na kujibiwa ndani ya siku 21, lakini mama wa mboga wa Mutindwa asilazimike kuandika barua ili ajue barabara iliyo mbele ya kibanda chake ina nguvu kiasi gani.

Kipimajoto changu cha zebaki bado ninacho. Ukituma watu wako, nitakwenda nao kambi ya kwanza watakayoichagua.

Wako mwaminifu,
Fundi wa maabara mstaafu, Umoja, Nairobi