Barua ya wazi kwa Meneja wa RUWASA (wakala wa maji vijijini), Wilaya ya Nzega: tupimieni sumu ya aseniki visimani

Ndugu Meneja,

Salaam. Naandika kuhusu visima vya pampu vilivyo jirani na machimbo ya dhahabu. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Nzega mjini, tunashukuru, ila huku kwetu bado tunapiga pampu.

Waliotuchimbia kisima walisema maji ni safi, hayana chumvi wala rangi. Aseniki nayo haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mara nyingi hukaa mwamba mmoja na dhahabu, na mawe yakishasagwa kwenye karasha, hewa na mvua huilegeza ikateremka na maji. Hata pasipo machimbo huweza kuwepo. Bangladesh walichimbiwa visima kwa wingi miaka ya 1970 ili waepuke magonjwa ya kuhara. Aseniki ikagunduliwa humo mwaka 1993, watu wameshakunywa miaka na miaka. Viganja hukakamaa, na baadaye huja saratani ya ngozi, mapafu au kibofu.

Mama mkwe wangu husema maji yakichemka yamepona. Kwa vijidudu, sawa. Aseniki haitoki na mvuke: maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki na kukolea.

Kwa hiyo naomba kwanza kipimo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Ikizidi, na chanzo kingine hakuna, ndipo tuzungumze dawa ya kuitoa majini. Ianze klorini, kwa sababu aseniki ya maji ya chini mara nyingi iko katika hali isiyonasika kirahisi, na klorini huigeuza iwe rahisi kunaswa. Kisha itiwe kloraidi ya feri, yaani chumvi ya chuma, ifanye mabonge kama kutu. Aseniki hung'ang'ania humo, mabonge yakatuama, maji yakachujwa kwa mchanga. Klorini peke yake haiondoi kitu. Shabu tunayotulizia maji majumbani nayo hunasa kiasi, lakini hufanya kazi vizuri kwa uchachu fulani tu wa maji, hivyo tusiachiwe kila mtu akoroge ndoo yake kwa kukisia.

Halafu lile tope la kutu. Sumu yote itakuwa imehamia humo. Jumuiya yetu ya watumia maji ielezwe mapema litafukiwa wapi, maana huku kila kinachomwagwa huishia kwenye bustani za mchicha.

Mkitupa chupa za sampuli na maelekezo, tutazijaza wenyewe. Baiskeli ya kuzifikisha mjini ipo.

Wako,
Mtumia maji wa kisima cha pampu, Nzega