Malalamiko Kuhusu Masharti ya Matengenezo, Pamoja na Maelekezo ya Kufungua Sanduku Lenu

Kwa Meneja,
Idara ya Matengenezo na Dhamana.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHA SIMU YA KUAZIMA, NA MALALAMIKO YA MTEJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sanduku lililoambatana na barua hii lina simu ya kuazima mliyonipa wakati simu yangu ikiwa kwenu. Mmenikumbusha niirudishe, tena kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona nilipokuwa nauliza mimi. Basi nimeirudisha. Ni nzima, inawaka, haina mkwaruzo, na chaja yake imo. Sina nia ya kumdhulumu mtu mali yake. Kuitoa sandukuni ndiko kutakakowasumbua kidogo, kwa hiyo naomba msome barua yote kabla hamjatafuta nyundo.

Nianze na simu yangu. Iligoma kupokea chaji ikiwa bado ndani ya dhamana. Nilifuata njia mliyoielekeza: nikaipeleka kwa wakala aliyeidhinishwa, na risiti yake, na boksi lake. Fundi mwingine, asiyeidhinishwa na mtu isipokuwa wateja wake, alikuwa ameshamulika tundu la chaji kwa tochi akaniambia ni kazi ndogo, niketi ningoje. Nilikataa. Kijitabu chenu kinasema akishika bisibisi yeye, dhamana imekufa. Nikawatii ninyi. Nikapigwa danadana kati ya dirisha la mapokezi na namba ya huduma kwa wateja inayopiga muziki, hadi siku nilipokabidhiwa karatasi yenye picha ya kibandiko kidogo cha rangi ya waridi na sentensi moja: kifaa kimeingia maji, dhamana haihusiki. Chini yake kulikuwa na ankara ya ada ya uchunguzi. Yaani nilipe ili niambiwe kwamba sitengenezewi.

Hapo kwenye maji naomba tukae kidogo.

Simu hii mliniuzia kwa sifa ya maji. Tangazo lenu linaonyesha simu ikizama, mapovu yakipanda, kisha inaibuka ikiita na mtu anaipokea huku anacheka. Kwenye boksi mmeandika IP68 kwa herufi ambazo hata aliyesahau miwani anazisoma. Nimetafuta maana yake. Ni alama za kiwango cha kimataifa kiitwacho IEC 60529. Tarakimu 6 inasema vumbi halipenyi, na 8 inasema kifaa kinastahimili kuzamishwa majini mfululizo, kwa kina na muda uliotajwa na mtengenezaji mwenyewe. Mwenyewe! Ninyi ndio mliotaja kina, ninyi ndio mliochagua dakika, na simu iliyopimwa ilikuwa mpya, ndani ya maji safi ya maabara. Kisha nafungua kijitabu cha dhamana na kukuta, kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa, kwamba uharibifu wowote wa kimiminika haumo kwenye dhamana.

Sasa nisaidieni. Kama simu hii haipitishi maji, kibandiko kilichomo ndani kimelowaje? Na kama inapitisha, ile ya kwenye tangazo ni ya kampuni gani?

Simu yangu haikuzamishwa popote. Lakini hata ningeizamisha, ningekuwa nimefanya kile kile mlichonionyesha kwenye tangazo, pengine bila kucheka sana.

Na hicho kibandiko chenyewe ni shahidi wa namna gani? Ni kikaratasi cheupe chenye wino wa waridi unaosambaa kikiguswa na maji. Hakina saa wala tarehe. Hakisemi kama ni tone moja au ndoo nzima, kama ni jasho la mfukoni au unyevunyevu uliokaa hewani muda mrefu. Mlichokipiga picha kiko kwenye kijitundu cha kadi ya laini. Tundu la chaji lililoharibika liko sehemu nyingine kabisa ya simu. Mwandishi wa ripoti hakusema ameona kutu kwenye bodi ya umeme iliyo ndani ya simu. Hakusema kama alipima umeme. Hakusema hata kama aliifungua. Aliona rangi ya waridi, akahukumu, akaandika ada. Kwa kazi hiyo, hata mimi naweza kuidhinishwa.

Msidhani nimeanza mimi ugomvi na kibandiko hiki. Mwaka 2013, huko Marekani, Apple ilikubali kulipa dola milioni 53 kumaliza kesi ya wateja walionyimwa dhamana kwa sababu ya vibandiko vya namna hiyo hiyo, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba unyevunyevu tu unaweza kuvigeuza rangi. Novemba 2020, mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza kampuni hiyo hiyo faini ya yuro milioni 10. Simu zilinadiwa kwamba zinastahimili maji bila kufafanua vizuri kwamba ni katika mazingira maalumu ya maabara, halafu zikiharibiwa na maji mteja hasaidiwi. Juni 2022 ikawa zamu ya Samsung kule Australia, dola milioni 14 za huko, kwa matangazo ya simu kwenye mabwawa ya kuogelea na baharini. Hizo ni kampuni zenye mawakili wengi kuliko ninyi mlivyo na matawi.

Na lile katazo la fundi wa nje, nalo halina heshima mnayolipatia. Aprili 2018, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, iliziandikia kampuni sita kuzionya kuhusu masharti ya kumwambia mteja kwamba dhamana inakufa akitumia vipuri au fundi mwingine. Sheria waliyoitumia ni ya mwaka 1975, kabla simu za mkononi hazijafika madukani. Umoja wa Ulaya nao, kwenye agizo lake la mwaka 2024 kuhusu matengenezo ya bidhaa, umesema mtengenezaji asikatae kutengeneza kifaa kwa sababu tu kiliwahi kutengenezwa na mtu mwingine. Najua mtasema sheria za kwao ni za kwao. Sawa. Lakini simu ni ile ile, na bodi yake haijui imevuka mpaka gani.

Niliyaeleza haya yote kwa maneno, nikajibiwa kwamba "mfumo hauruhusu". Nikaomba kuonana na huo mfumo, nikaambiwa nijaze fomu. Ndipo nikachukua kijitabu chenu, nikakisoma tena polepole, na mwishoni nikakuta kipengele kinachosema mteja aliyepewa simu ya kuazima airudishe "ikiwa imefungwa vizuri". Hamkusema vizuri kiasi gani.

Nimeifunga vizuri.

Sanduku ni la plastiki ngumu. Mfuniko wake umeshikwa kwa skrubu. Nilitaka kutumia zile zenye tundu la nyota ya pembe tano, kama zilizo kwenye simu yangu, nikakumbuka kwamba bisibisi za hizo mnazo. Nimetumia za pembetatu. Bisibisi inayozifungua ipo, msiwe na wasiwasi. Nimeihifadhi mahali salama, ndani ya sanduku, pamoja na simu.

Chini ya mfuniko, pande zote nne, kuna gundi. Niliwahi kuuliza kwa nini betri na kioo vya simu yangu vimegandishwa kwa gundi kiasi kwamba kukitoa kimoja ni kukihatarisha kingine, nikajibiwa kwamba ni kwa manufaa ya mteja. Gundi hii nayo ni kwa manufaa yenu.

Juu ya kila skrubu nimebandika stika. Imeandikwa: IKIBANDULIWA, SIMU ITAHESABIWA IMEPOKELEWA IKIWA SALAMA NA MADAI YOTE YA KAMPUNI YATAKUWA YAMEFUTIKA. Sanduku linaruhusiwa kufunguliwa na mpokeaji aliyeidhinishwa tu. Orodha ya wapokeaji walioidhinishwa ina jina moja, langu. Nikipata nafasi nitawapangia miadi, na siku hiyo mje mapema, mchukue namba, mkae kwenye kiti.

Pembeni mtaona vibandiko vyeupe vya kupimia maji. Vinauzwa karatasi nzima na kwa bei ya chini mno, jambo lililonishangaza, maana kwenu kimoja tu kilikuwa na thamani ya simu nzima. Kimoja kikiwa cha waridi sanduku linapofika mezani kwenu, basi limeingia maji mikononi mwenu na mimi sihusiki. Kuna kimoja kiko hivyo tangu kwangu. Msiniulize kwa nini, nami niliuliza.

Mkifanikiwa kuitoa simu, mtakuta kikaratasi kimebandikwa kwenye kioo chake. Kinasema: "Simu hii imegundua kwamba imetolewa kwenye sanduku lake halisi. Baadhi ya huduma huenda zisifanye kazi." Zitafanya kazi zote. Niliona tu kwamba ninyi ndio mtakaokielewa kwa haraka zaidi, kwa kuwa maneno hayo huyaweka wenyewe kwenye kioo cha mteja aliyebadilisha betri kwa fundi mwingine, hata betri yenyewe ikiwa nzima.

Kuhusu ile ankara yenu ya uchunguzi: kuanzia leo, kila barua mtakayoniandikia itatozwa ada ya kusomwa, kiasi kile kile. Ada hairudishwi, niridhike na jibu au nisiridhike. Barua yenu ya mwisho nimeshaisoma, na kwa hesabu yangu madeni yetu yamekutana yakafutana.

Sikutunga sharti hata moja kati ya haya. Nimechukua ya kwenu, nikabadilisha majina ya wahusika. Mkiyaona ni ya kipuuzi, tutakuwa tumekubaliana kwa mara ya kwanza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Ombi moja nje ya utani. Kazi ya kufungua sanduku msimpe yule dada wa mapokezi. Alinisikiliza, alijaribu kupiga simu ghorofani mbele yangu, na aliposhindwa alinitazama kwa aibu isiyokuwa yake. Wala msimpe mhudumu wa stoo. Mpeni aliyeandika kijitabu, akiwa peke yake, na muda wa kutosha.

Ninachokitaka hakihitaji kikao cha bodi. Nataka simu yangu ifunguliwe na mtu anayejua kushika kipima umeme, aniandikie ameona nini kwenye tundu la chaji na kwenye bodi, kwa maneno, na picha ya mahali palipoharibika badala ya picha ya kikaratasi. Ikionekana tundu limelegea tu, kama nilivyoambiwa tangu mwanzo kwa tochi, litengenezwe chini ya dhamana niliyoilipia ndani ya bei. Ankara ifutwe rasmi, kwa barua, maana hesabu yangu ya madeni kukutana najua wahasibu wenu hawataipenda. Na kama hamtaki kuitengeneza, basi semeni hivyo kwa maandishi na mnirudishie simu, niipeleke kwa anayetaka, bila kutishiwa na stika.

Tena wekeni kwenye tangazo, pale pale mapovu yanapopanda, yale maneno ya kwenye kijitabu kwamba maji hayamo kwenye dhamana. Herufi ziwe sawa na za IP68.

Nina bisibisi ya pili ya pembetatu. Nimeiweka mezani kwangu. Mtakayemtuma kuniletea simu yangu ikiwa inapokea chaji ataondoka nayo, bila ada na bila fomu. Akija na picha nyingine ya kibandiko, nitampa namba ya huduma yangu kwa wateja. Muziki nimeshauchagua.

Vigezo na masharti kuzingatiwa,

Mteja wenu
(Namba ya kumbukumbu mnayo, imo kwenye ankara.)

Kiambatanisho: Sanduku moja, limefungwa vizuri.

Nakala: Mamlaka inayoshughulikia haki za walaji, pamoja na picha za tangazo na za kijitabu zikiwa ukurasa mmoja.