Sabufa kwenye boti za wageni: anzeni na betri

Mhariri,

Boti nyingi za matembezi ya jioni katika pwani yetu, kuanzia Nungwi na Kendwa mpaka Kigamboni na Mtwapa, siku hizi zinafungwa sabufa, yaani spika kubwa ya besi. Wageni wanataka mdundo, na mwenye boti anatafuta riziki yake ya halali. Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako tueleze namna ya kuifunga, kwa sababu kazi hii mara nyingi hupewa mafundi wa redio za magari, nao huifunga kama walivyozoea. Gari likizimika husukumwa pembeni mwa barabara. Boti ikizimika nje ya mwamba jua limekwisha kuzama, mashine haipigi na pampu ya ngama (maji yanayojikusanya ndani ya boti) haipati umeme, roho za abiria wote zimo hatarini.

Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye betri. Muziki uwe na betri yake, na betri ya kupigia mashine isiguswe. Fanyeni hesabu kabla ya kununua chochote. Amplifaya (kifaa cha kukuza sauti) ya wati 500 ya daraja D, aina yenye kupoteza umeme kidogo, hupoteza kama sehemu moja ya tano ya umeme kwa joto, hivyo kwenye kilele huvuta karibu ampea 50. Muziki haukai kwenye kilele muda wote, kwa hiyo chukulieni wastani wa ampea 12. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 (yaani ampea mara saa inazoweza kutoa) haifai kushushwa chini ya nusu, la sivyo haidumu, kwa hiyo mna ampea-saa 50 za kutumia, yaani saa nne tu. Boti iliyotia nanga kwenye fungu la mchanga la Nakupenda, mbele ya Mji Mkongwe, tangu asubuhi, mashine imezimwa na muziki unalia, inamaliza kiasi hicho kabla wageni hawajapanda kurudi mjini. Pimeni betri ikiwa imetulia bila mzigo: volti 12.7 imejaa, volti 12.2 imefika nusu. Hapo muziki uzimwe.

Betri mbili zichajiwe na mashine moja kupitia rilei inayosikiliza volti, yaani swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe. Mashine ikiwaka na volti kupanda hadi kama 13.5, rilei inaunganisha betri zote mbili. Zikishuka karibu 12.8, inaitenga ya muziki peke yake. Nahodha hana haja ya kukumbuka kugeuza swichi, na huo ndio uzuri wake. Mashine ndogo za kuvuta kwa kamba nyingi hazichaji betri kabisa, au hutoa ampea chache tu. Kwa boti ya namna hiyo betri ya muziki ichajiwe nchi kavu kila usiku. Pampu ya ngama yenye kujiwasha ipate waya wake moja kwa moja kutoka betri ya mashine, na fyuzi yake, bila kupitia swichi kuu. Fundi yeyote atakayeomba kuunganisha amplifaya kwenye waya wa pampu, mwondoeni botini.

Tunaingia kwenye waya, ambako ndiko ajali za moto zinaanzia. Tumeona mara nyingi waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5 ukipelekwa kwenye amplifaya. Chukueni umbali wa mita 3 kutoka betri, yaani mita 6 kwenda na kurudi. Kwa ampea 50 waya huo unapoteza zaidi ya volti 2 njiani, na wati zaidi ya 100 zinageuka joto ndani ya ganda la plastiki lililolala chini ya kiti cha abiria. Amplifaya inapata volti 10, inajizima, na fundi anasema ni mbovu. Kwa umbali huo na mzigo huo tumieni waya wa milimita za mraba 16; upotevu unabaki karibu theluthi moja ya volti. Uwe wa shaba yenye nyuzi nyingi nyembamba, kila uzi umepakwa bati. Seti za waya zinazouzwa kwa bei poa kwenye maduka ya redio za magari nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwenye chumvi hazimalizi msimu. Kateni ncha mkwaruze uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisheni. Wenye bati nao ni mweupe kwa juu, lakini ukikwaruzwa unaonyesha wekundu wa shaba.

Fyuzi ikae kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Kanuni za ABYC, baraza la viwango vya boti la Marekani, zinataka isizidi inchi 7, yaani sentimita 18, pale waya usipokuwa na kinga ya ziada. Sababu ni kwamba fyuzi hulinda kile kilicho mbele yake tu. Waya ukichubuka kati ya betri na fyuzi, hakuna cha kuuzima. Kwa mfano wetu fyuzi ya ampea 60 inatosha. Ikiungua, tafuteni kwa nini imeungua. Msiweke ya 100, na msifunge karatasi ya sigara.

Kosa la mazoea ya gari linaonekana zaidi kwenye waya hasi. Gari lina bodi ya chuma, ndiyo maana hasi hufungwa popote. Boti ya faiba au ya mbao haina bodi hiyo, na wengine huamua kufunga hasi ya amplifaya kwenye kichwa cha mashine. Kiungo kikilegea, au waya wenye umeme ukigusa maji ya ngama, umeme hutafuta njia kupitia mguu wa mashine na bahari. Zinki, kile kipande kinachofungwa ili kiliwe badala ya mashine, huliwa haraka kupita kawaida, kisha alumini ya mguu inafuata. Hasi irudi kwenye betri kwa waya wake, wenye unene uleule wa chanya. Waya hizo mbili zisokotwe pamoja mwendo mzima.

Sababu ya kuzisokota ni dira. Sumaku ya sabufa ni kubwa, na umeme mwingi kwenye waya ulionyooka nao huvuta sindano. Boti ikiwa imefungwa gatini, nahodha aandike digrii anazosoma, kisha sabufa isogezwe hapo inapotakiwa kukaa na muziki uwashwe. Sindano ikihama hata digrii mbili, tafuteni mahali pengine. Mita moja na nusu kutoka kwenye dira ni mwanzo mzuri. Jaribuni vilevile redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini: fungueni skwelchi (kitufe cha kunyamazisha mvumo) mpaka msikie mvumo, ifungeni kidogo tu mpaka ukatike, halafu washeni amplifaya. Mvumo ukirudi, amplifaya inaichafua redio, na wito wa chaneli 16, ile ya kuomba msaada, kutoka boti ya mbali hamtausikia. Sogezeni waya wa amplifaya mbali na ule wa antena.

Uzito nao usidharauliwe. Betri ni karibu kilo 30, na boksi la sabufa laweza kufika 20. Vyote vikae chini, karibu na katikati ya boti, vimefungwa kwa mikanda. Tunaomba kabisa msiweke spika nzito juu ya paa la turubai. Boti inakuwa nzito juu na inalala vibaya ikipigwa na wimbi la ubavuni. Amplifaya na betri visikae chumba kimoja na tangi la petroli, na chumba cha betri ya asidi kiwe na tundu la hewa kwa juu, maana gesi yake inalipuka.

Boksi la MDF (mbao za unga uliogandamizwa) la dukani hufura na kumomonyoka likinywa maji. Tengenezeni la plywood ya baharini ya milimita 18, lipakwe epoksi ndani na nje mara tatu, viungo vyote viwe havivuji hewa. Kwa sabufa ya inchi 10 ujazo huwa kati ya lita 20 na 30. Ufuateni ule ulioandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Koni iwe ya plastiki na mpira, isitazame juu ikakusanya maji, wala isielekee kule mawimbi yanakorukia. Mkitoboa kiti cha faiba, kagueni kwanza nyuma yake kama kuna waya wa usukani au mpira wa petroli, na ukingo wa tundu mlilokata upakwe epoksi, kwa sababu mbao iliyo katikati ya faiba hunywa maji ikaoza bila kuonekana. Skrubu ziwe za stenlesi daraja la 316.

Kurekebisha sauti ni kazi fupi kwa mwenye mita. Sabufa ipokee chini ya hezi 80, na spika ndogo za pembeni zipokee juu ya hapo. Ndipo zitakapoacha kukoroma. Zimeni kitufe cha kuongeza besi. Chomoeni sabufa, pigeni mlio wa majaribio wa hezi 50 redio ikiwa robo tatu ya sauti, mpime volti za AC zinazotoka kwenye amplifaya. Zidisheni wati ambazo sabufa inahimili kwa omu zake (kipimo cha ukinzani wa umeme), kisha tafuteni kipeuo cha pili: wati 250 mara omu 4 ni 1,000, kipeuo chake ni 31.6. Pandisheni geini, kitufe cha nguvu kwenye amplifaya, polepole na msivuke volti hizo. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba inakuwa omu 2. Amplifaya isiyoandikwa kuhimili omu 2 itachemka na kujizima.

Swichi ya kuzima muziki wote iwe mkononi mwa nahodha, pale kwenye usukani. King'ora cha mashine iliyopata joto ni chembamba, na besi inakifunika. Tena matembezi ya jioni hurudi wakati wa magharibi, boti zikipita mbele ya Mji Mkongwe watu wakiwa msikitini, na besi husafiri mbali juu ya maji. Nahodha aizime kabla ya kukaribia.

Boti ikirudi, spika zifutwe kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi. Bomba la presha linatoboa mpira wa koni. Na kila mwezi fungueni vichwa vya waya kwenye betri na fyuzi: mkiona unga wa kijani, kateni sehemu hiyo, mbane kichwa kipya na mfunike kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani.

Mafundi wa umeme wa boti,
Nungwi, Unguja