Wito wa harambee: maabara ya vimelea kwa wanafunzi wetu wa famasia

Wahitimu wetu, wazazi, walezi na nyote mnaokitakia mema chuo hiki,

Tunawaomba mtuchangie tukamilishe maabara ya kuotesha vimelea. Chumba tunacho. Kinachokosekana ni kiatamizi (kasha la joto la kuoteshea vimelea), mtambo wa mvuke wa kutakasia vyombo, hadubini, visahani, na vile vipande vidogo vya karatasi vyenye antibiotiki.

Kwa sasa mwanafunzi anamaliza somo la magonjwa ya kuambukiza akiyajua majina ya dawa na makundi yake, lakini hajawahi kuwaona bakteria wakiishinda dawa. Zoezi lenyewe ni la usiku mmoja tu. Bakteria hupakwa juu ya lishe kwenye kisahani, karatasi zenye dawa huwekwa juu yake, kisha kisahani huachwa kwenye joto la nyuzi 35 hivi mpaka kesho yake. Dawa iliyofanya kazi huacha duara tupu, na mwanafunzi hulipima kwa milimita. Iliyoshindwa, bakteria huota mpaka ukingoni mwa karatasi. Akishaliona hilo, hahitaji kubembelezwa ajali dozi.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kuwa dozi pungufu huwazoesha vimelea dawa. Kwa makadirio ya watafiti, mwaka 2019 pekee usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Nasi tunafundisha watu ambao mara nyingi ndio wa mwisho kuzungumza na mgonjwa kabla hajameza dawa!

Mtu huyo anatakiwa aweze kumkatalia kwa upole mwenye mafua anayeomba antibiotiki, kwa kuwa mafua ni ya virusi. Amweleze mgonjwa wa malaria kwamba artemeta na lumefantrini hufyonzwa vizuri zaidi zikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Na akiletewa cheti cha mtu mzima anayetumia dolutegraviri, dawa ya kupunguza makali ya VVU, na sasa ameanzishiwa rifampisini ya kifua kikuu, ashtuke: rifampisini hushusha kiwango cha dolutegraviri mwilini, hivyo kwa kawaida miligramu 50 humezwa mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Kushtuka huko huja kwa mazoezi. Ndiyo maana sehemu ya michango itawaleta wafamasia wa hospitali wafundishe kwa visa vya wagonjwa, majina yakiwa yameondolewa.

Kiasi chochote kitapokelewa katika ofisi ya mhasibu wa chuo, na kila mchangiaji atapewa stakabadhi. Ahadi za kulipa kidogo kidogo tunazipokea pia. Mwenye hadubini au kiatamizi kilichotumika ila bado kizima, tuambieni tuje kukikagua. Dawa zilizokwisha muda hatutazichukua, hata za kufundishia.

Kamati ya Harambee, Idara ya Famasia