Ndevu za shangazi

Mwana shoga yangu,

Hujambo, na wa kwako hawajambo, huku Tanga wazima sote ila joto tu. Najua nimekaa kimya tangu Idi na wewe unajua kwa nini, tusizungushane. Ni ule unga uliomuuzia Rukia elfu 60, eti unatoa chango na kusafisha kizazi. Nilinyamaza ili nisikutukane. Hasira zimepungua, sijasema zimeisha.

Sasa sikia. Rukia kaenda utrasaundi, ovari zote mbili zina vidude vimejipanga pembeni kama shanga, kaambiwa ni PCOS, ule ugonjwa wa homoni unaovuruga ovari. Karudi analia anajua ni vivimbe atapasuliwa, kumbe ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama njiani, yai halipevuki halitoki, ndo maana miezi minne inapita haoni siku zake. Halafu na zile ndevu za kidevuni anazonyoa kwa siri.

Ndevu, Mwana! Umeshamkumbuka nani? Nilimuuliza Hamisi (bado anasoma udaktari, bado anakopa vocha) hii kitu inatoka wapi maana mie nilishamlaumu mtoto wa watu kwa chipsi zake. Akanikalisha barazani saa nzima. Anasema homoni ni kama mgeni anayepiga hodi, na kwenye seli kuna kipokezi ndo kinachoitikia karibu. Sasa vipokezi havifanani kwa watu wote kwa sababu jeni zinazovitengeneza zinatofautiana kidogo. Kuna nyumba unapiga hodi mara tatu ndo wanasikia, na kuna nyumba hujamaliza hodi mlango uko wazi. Ile homoni ya FSH inayokuza mayai, kipokezi chake kimeungwa kwa vipande vingi kama mnyororo, na kipande cha 680 kwa wengine ni asparajini na kwa wengine serini, tofauti ya herufi moja tu ya jeni, na wenye serini pande zote mbili kipokezi chao kinakuwa kizito kidogo, wakienda kutafuta mtoto hospitali huwa wanahitaji dozi kubwa zaidi ya hiyo FSH. Wala sio ugonjwa, watu kibao wanayo na wamezaa vizuri tu. Wachina walipopima wanawake wengi mwaka 2011 na 2012 wakakuta alama za PCOS karibu na jeni ya kipokezi cha LH (homoni inayolitoa yai), na cha FSH, na cha insulini, ile homoni ya sukari, pia. Insulini inaingiaje? Ikizidi mwilini inaichochea ovari itoe homoni za kiume, ndo maana Rukia kapewa metifomini, dawa ya wenye kisukari, na yeye kaificha chini ya godoro asije akaonekana ana kisukari, makubwa haya.

Ila jeni moja peke yake haikupi PCOS, ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo, na unene unaongezea. Uholanzi walilinganisha mapacha mwaka 2006 wakaona urithi unabeba kama asilimia 70. Ila wengi waliopimwa jeni ni Wachina na Wazungu, sisi tunasomewa majibu ya wenzetu.

Nirudi kwa shangazi. Kipokezi cha homoni za kiume jeni yake iko kwenye kromosomu ya X, ina kipande kinachojirudiarudia, watu wengi mara 20 na kitu, na kikiwa kifupi kipokezi kinaitikia kwa nguvu zaidi. Tafiti nyingine zimekikuta kwa wenye PCOS, nyingine hazikuona kitu, kwa hiyo siapi. Lakini baba ana X moja tu, kaitoa kwa bibi, na anampa kila binti yake hiyohiyo. Na shangazi naye kapata moja kwa bibi. Mwana, shangazi alikuwa mwembamba kama ufagio, chipsi kazijulia wapi? Kaachika mara mbili kwa kutozaa, na sisi wawili tulikuwa tunamwita Babu Shangazi nyuma ya mlango tunacheka mpaka tunalia. Siku ile alitusikia. Mie najua alitusikia, alikuwa anachambua mchele akasimama kidogo halafu akaendelea.

Toka Hamisi aondoke silali vizuri.

Ule unga una nini ndani, na nani anakuuzia? Hela ya Rukia unarudisha lini, au unataka nije mwenyewe? Na mwanao mkubwa, siku zake zinakuja sawasawa, umeshawahi kumuuliza? Ile picha ya harusi ya mama yako, shangazi kasimama nyuma kajifunika mtandio mpaka puani, bado mnayo? Ipige picha hata kwa simu unitumie. Rukia anataka kumwona.

Wako,
Mama Sharifa