Tuache kulipia shimo la choo kwa futi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu namna tunavyochimba mashimo ya choo majumbani, hasa hapa Dar es Salaam.

Ukimwita kijana aje akuchimbie shimo, swali la kwanza mtakaloulizana ni futi ngapi. Hamuulizani udongo wa hapo ukoje, wala maji yako wapi chini, wala kisima cha jirani kiko upande gani. Ni futi ngapi, na kila futi shilingi ngapi, na kadiri shimo linavyozama ndivyo bei ya futi inavyopanda. Kazi ikiisha mwenye nyumba anatamba mtaani kwamba lake ni futi 20, halijai mpaka wajukuu waoe. Mimi ni fundi mwashi, riziki yangu iko humo humo, na nasema bila kuuma maneno: huku kulipia kina ndiko kunakoharibu vyoo vyetu, na ndiko kunakowazika vijana.

Tangi la septiki halifanyi kazi kwa sababu limekwenda chini sana. Linafanya kazi kwa sababu maji yanapata nafasi ya kutulia. Tope zito hutua chini, mafuta na povu huelea juu, na maji ya katikati ndiyo yanayopita kwenye bomba kuingia chumba cha pili, kisha kwenda shimo la kufyonzea, ambako maji yanazama taratibu ardhini. Chukua tangi lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 1.5 na kina cha maji cha mita 1.5. Hilo linabeba zaidi ya lita 6,700. Familia ya watu 8, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, inatoa lita 800. Maana yake maji yanakaa humo zaidi ya wiki kabla ya kutoka. Shimo la kazi hiyo halizidi sana futi 7, na kijana aliyesimama ndani yake bado anaweza kushikwa mkono na aliye juu.

Tunachojenga wengi wetu si hicho. Ni shimo moja la duara, refu, lisilo na sakafu, tofali zimepangwa na kuachwa matundu, halafu juu tunamwaga zege na kuliita septiki. Penye udongo mkavu na maji ya mbali linaweza kukuvusha miaka. Lakini nenda Mikocheni, au Msasani kule Bonde la Mpunga, ambako jina lenyewe linakueleza ardhi ilikuwa ya namna gani. Humo ukichimba futi chache tu, sururu inatoka na maji. Mwenye nyumba anasema endelea, leteni pampu. Hapo umechimba kisima ukakiita choo. Masika yakija maji ya ardhini yanapanda, shimo linajaa kutoka chini, na lile gari la kunyonya majitaka linanyonya leo kesho limejaa tena. Mwishowe watu wanasubiri mvua kubwa ya usiku, wanatoboa shimo, wanatapisha, yaani wanaachia majitaka yatoke na maji ya mvua. Kila mtu mtaani anajua nani katapisha, na hakuna anayesema, kwa kuwa wiki ijayo ni zamu yake.

Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa nchini kilitukuta tukiishi hivyo hivyo. Kanuni inayotumika sana kwenye kazi hizi ni kwamba kitako cha shimo la kufyonzea kibaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na shimo liwe mita 30 kutoka kisima. Kwenye viwanja vyetu vya kubanana mita 30 ni ndoto, nakubali. Lakini ile mita 1.5 inawezekana sehemu nyingi mtu akikubali kujenga kwa upana badala ya kwenda chini, na pale ambapo haiwezekani basi ajenge tangi lililozibwa sakafu na kuta, akubali gharama ya gari la kunyonya. Kujua ardhi yako inafyonza vipi nako hakuhitaji maabara. Chimba kishimo kidogo, kijaze maji jioni uache udongo ushibe, asubuhi jaza tena uangalie saa maji yanashuka kiasi gani. Sijaona mteja akiomba kipimo hicho hata kabla ya kumwaga mamilioni ya zege.

Sasa nije kwa wachimbaji. Huku Mbagala na Kigamboni ardhi ni mchanga. Mchanga ukiwa na unyevunyevu husimama wima vizuri kabisa, na hapo ndipo unapodanganya watu. Jua likiupiga, au lori la kokoto likipita jirani, ukuta wa shimo unashuka wote kwa mara moja. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu na zaidi. Mtu hahitaji kufunikwa kichwa ili afe; akibanwa kifuani hawezi kuvuta pumzi. Na udongo uliotoka shimoni tunaurundika wapi? Pale pale ukingoni, kwa sababu uwanja ni mdogo na mvuta ndoo hataki kutembea. Marekani sheria inataka shimo la futi 5 na kuendelea likingwe kuta au lilazwe kingo, na udongo ukae si chini ya futi 2 kutoka ukingoni. Cha kushangaza ni kwamba wachimba visima wetu wenyewe wanajua kujikinga: wanashusha ringi za zege na kuchimba wakiwa ndani yake, ringi inateremka nao. Likija suala la choo, ringi inaonekana anasa.

Hatari zaidi ni pale shimo la zamani limejaa na mtu anataka jipya. Kiwanja hakina nafasi, basi linachimbwa kando ya lile la kwanza, kinabaki kiukuta cha udongo uliolowa miaka yote. Ukuta huo ukipasuka, kinachomwingilia kijana si udongo peke yake. Hewa yenye harufu ya yai bovu, haidrojeni salfaidi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hujilaza chini. Ikizidi, pua inaacha kuinusa na mtu anadhani imekwisha. Wapo wanaoshusha kibatari kupima. Kibatari kikiwaka hakikwambii lolote kuhusu sumu hiyo, na kama kuna methani ndicho kitakachoilipua.

Kuna kifo kingine ambacho watu hawakitarajii kabisa, kwa sababu shimo ni jipya na halijaingia kinyesi hata kidogo. Zege la juu limemwagwa, limekaa wiki kadhaa, mvua imeingia kidogo. Anatumwa kijana apenye kwenye mfuniko akatoe mbao na mirunda iliyoshikilia zege lilipomwagwa. Mbao mbichi na maji yaliyotuama vikioza hula oksijeni ya mle ndani. Anaanguka. Mwenzake anaruka kumtoa, naye anaanguka, na wa tatu vivyo hivyo. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ilitahadharisha mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa katika sehemu finyu za namna hii ni wale walioingia kuokoa. Dawa yake ni rahisi mno: tengeneza mfuniko kwa vipande vya zege vilivyomwagwa nje na kupangwa juu, na hakuna atakayelazimika kuingia kutoa mbao.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo. Wakaguzi wake utawakuta viwandani na kwenye maghorofa, si uani kwa mtu ambako vijana watatu wanachimba kwa makubaliano ya mdomo. Kibali cha ujenzi cha halmashauri nacho kinadai mchoro wa mfumo wa majitaka, lakini mchoro unaishia kwenye faili. Anayekuja kukagua, akija, anakuta mfuniko umeshawekwa na hawezi kuona kilicho chini.

Ninachoomba ni kwamba shimo likaguliwe likiwa wazi. Afisa afya wa kata aje kabla tofali la kwanza halijapangwa, aangalie maji yako wapi, kingo zikoje na shimo la zamani liko umbali gani, asaini ndipo kazi iendelee. Ada ya ukaguzi iwe ndogo, iandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, maana isipoandikwa tunajua itakuwa ngapi. DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam, ambao watu wao wa majitaka wanajua ardhi ya jiji hili kuliko fundi yeyote, watoe michoro miwili mitatu ya tangi pana lisilo refu, ya mchanga, ya mfinyanzi na ya mabondeni, na ipatikane bure kwa mtendaji wa kata. Na sisi mafundi tuache kunukuu bei kwa futi. Tunukuu kwa tangi lililokamilika, kinga za kingo zikiwamo.

Masika yakishaanza kazi hizi hazichimbiki. Watu wengi wanachimba kiangazi, kwa hiyo ukaguzi huo ukianza kiangazi hiki utawakuta wakiwa kazini.

Fundi mwashi,
Mbagala, Dar es Salaam